Kuku Waliosubiri Majani Yangu

Mama yangu aliniahidi firigisi. Msomaji ambaye hakukulia katika nyumba ya watu wa Kasai hapa Lubumbashi atacheka, kwa hiyo nieleze. Kwetu kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba. Haigawanywi, haionjwi jikoni, na hakuna anayeiulizia. Baba alipokuwa hai, kile kipande kidogo kiliwekwa juu ya nyama nyingine zote katika sahani yake, na sisi watoto tulikisindikiza kwa macho mpaka kinapotelea mdomoni mwake. Baada ya kufariki kwake, mama aliendelea kukitenga. Akitokea mgeni mwanamume, hata fundi wa bomba aliyekuja kuziba mahali panapovuja, anapewa yeye. Mimi, binti yake na mzaliwa wake wa kwanza, mwenye shahada zangu na miwani yangu, nilikuwa sijawahi kuonja firigisi ya nyumbani kwetu.

Siku nilipokubaliwa kuanza masomo ya uzamivu, mama alisimama uani kwake Katuba, akanyoosha kidole kwa kuku wake waliokuwa wakichakura chini ya kamba ya nguo.

"Siku utatetea ile thèse yako," alisema, "hizi kuku zote njo za siku ile. Na firigisi itakuwa ya kwako. Baba yako angekubali."

Nilicheka, lakini nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Mama hakuwa mtu wa kugawa hovyo mali ya marehemu.

Thèse yenyewe, tasnifu yangu, ilihusu kuku. Kila mwaka joto linapopanda kabla ya mvua za kwanza, kideri kinaingia mitaani. Waganga wa mifugo wanakiita pseudo-peste. Mama anakiita "kile kintu", kama mtu anayeogopa kukiita kwa jina lake kisije kikasikia. Kuku anaanza kwa kusinzia mchana, mabawa yanalegea, kinyesi kinakuwa cha kijani, kisha shingo inajipinda mpaka kuku anatazama mgongo wake mwenyewe. Ni ugonjwa wa virusi. Hauna tiba, una chanjo tu.

Chanjo ya dukani ipo na inafaa, sitaisema vibaya. Shida ni mwendo wake. Inakuja katika chupa ndogo inayotosha kuku wengi sana, inataka baridi tangu kiwandani mpaka kwenye jicho la kuku inakodondoshewa, na ikishafunguliwa lazima iishe siku hiyohiyo. Mwanamke mwenye kuku wachache uani, katika mtaa ambao umeme unakuja ukijisikia, ataifanyia nini chupa kama hiyo? Inambidi angoje majirani wakubaliane, na kuwakubalisha majirani wa Katuba juu ya jambo moja ni kazi inayostahili thèse yake.

Kwa hiyo mimi nilitaka kuitengeneza chanjo ndani ya majani. Mmea tuliotumia ni ndugu wa tumbaku, mfupi, majani laini yanayonata kidogo ukiyashika. Kirusi cha kideri kimevaa protini juu yake kama koti. Sisi tunachukua maelekezo ya kushona koti hilo tu, bila kirusi chenyewe, tunayapandikiza katika bakteria fulani wa udongoni ambaye tabia yake tangu zamani ni kuingiza vitu vyake ndani ya mimea. Kisha tunachukua bomba la sindano lisilo na sindano, tunalibana chini ya jani na kusukuma polepole maji yenye bakteria hao. Jani linalowa kwa ndani, linageuka rangi mahali maji yalipopita. Ukiliacha siku kadhaa katika mwanga na joto linalofaa, linaanza kushona koti la kirusi lenyewe, kwa bidii, bila kumuuliza mtu. Unavuna, unasaga kwa mashine ya kusagia matunda, unachuja, unasafisha. Kinachobaki hakiwezi kumwambukiza kuku. Mwili wake unaliona koti, unalikariri, na siku mwenye koti akija unamtambua mlangoni.

Ndoto yangu ilikuwa kulifikisha jambo hilo mpaka kwenye unga mkavu unaokaa katika karatasi, bila friji, kiasi cha kuku wa ua mmoja. Wako watu duniani wanaotengeneza chanjo kwa majani, tena mpaka za binadamu, sikubuni kitu. Nilitaka tu ifanyike hapa, kwa ajili ya kuku wanaojulikana kwangu kwa sura.

Kijumba chetu cha mimea kilikuwa upande wa Naviundu, nyuma ya jengo la maabara. Kilikuwa na rafu, taa, na mashine ya kupoza hewa iliyokohoa zaidi ya ilivyopoza. Mmea ule unataka mwanga mrefu usiokatika. Umeme ukikatika, unarudi, unakatika tena, mmea unachanganyikiwa, unaona maisha ni mafupi, unaharakisha kutoa maua. Ukishatoa maua majani yake hayana faida tena kwetu, nguvu zote zimekwenda kwenye mbegu. Mara ngapi niliingia asubuhi na kukuta rafu nzima imechanua maua meupe mazuri, na nikataka kulia! Wageni waliotembelea maabara walipiga picha. Waliniambia nina mkono wa bustani.

Maji nayo yalikuwa na siku zake. Tulibeba kwa bidoni kutoka kwa jirani mwenye kisima, na maji ya kisima yalikuwa na chumvichumvi ambazo mmea haukuzipenda, kwa hiyo tuliyachemsha, tukayapoza, tukayachuja, na tulipomaliza kuyabembeleza tayari ilikuwa mchana na mimea imelala kama nguo zilizooshwa. Profesa wangu alikuwa mtu mwema, msomi kweli, mwenye koti lililopigwa pasi hata siku zisizo na umeme. Kila nilipokwenda ofisini kwake na habari ya maua au ya maji, alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema: "Ça va aller."

Nilifika mahali nikaichukia sentensi hiyo, kwamba itakwenda tu. Ça va aller, lakini nani ataisukuma iende?

Halafu kulikuwa na kifurushi. Ili ujue kama jani limeshona koti au limepoteza muda wako tu, unahitaji kitu cha kulitambulisha, protini maalumu zinazonunuliwa mbali na kusafirishwa katika sanduku la barafu. Sanduku letu lilifika mjini, na watu wote waliohusika walikubali kwamba limefika. Likabaki mahali fulani linangoja muhuri. Mwenye muhuri yuko safarini. Aliyekaimu hana ruhusa ya kugonga muhuri huo. Nilikwenda na barua, nikarudi; nilikwenda na barua nyingine yenye sahihi nzito zaidi, nikarudi. Nilieleza kuhusu baridi kwa sauti ya upole, kisha kwa sauti nyingine. Kijana wa dirishani aliniangalia kwa huruma akasema, "Docteur, kama ni dawa ya kuku, kuku zitangoya." Walipolitoa hatimaye, barafu ilikuwa maji na maji yalikuwa vuguvugu. Nilikaa nalo mapajani njia nzima nikiwa na hasira ya kuvunja vyombo, ila vyombo vyetu maabara vilikuwa vichache mno.

Sanduku la pili lilikuja katika mzigo wa mwenzetu aliyetoka masomoni ng'ambo, limefungwa na barafu katikati ya soksi zake. Wiki ile, kwa maajabu, umeme ulikaa. Mimea ilikaa bila maua. Tulisukuma maji yetu ndani ya majani, tukangoja, tukavuna, tukasaga. Na kwenye kile kipande cheupe tunachokitumia kusoma matokeo, ukatokea mstari. Ulikuwa mwembamba, wa rangi hafifu, mahali hasa ulipotakiwa kuwa. Niliutazama mpaka macho yakauma. Profesa aliuweka mwangani, akavua miwani, na kwa mara ya kwanza hakusema kwamba itakwenda. Alisema, "Imekwenda."

Siku ileile nilikwenda Katuba. Nilimkuta mama anachambua majani ya matamba, nikamwambia kabla sijakaa.

"Iko?" aliuliza.

"Iko, Mama. Jani limetengeneza."

Alipiga vigelegele mpaka jirani yake akachungulia juu ya ukuta, mama mmoja mcheshi anayeuza makala, mkaa wa kupikia, mlangoni kwake na ambaye hakuna habari ya mtaa inayompita. Mama akamweleza yeye pia. Nikajaribu kuwatuliza. Niliwaambia kinachobaki ni kirefu: kusafisha zaidi, kupima kiasi, kujaribu kwa kuku wachache waliotengwa, mbele ya watu wenye ruhusa.

"Mama, huu ni unga tu. Bado si bukari."

"Kama unga iko, bukari iko karibu," alisema mama kana kwamba ugali uko tayari mezani, na jirani akakubaliana naye.

Jumapili iliyofuata baada ya misa alikwisha kuwaambia wote. Mutoto yangu iko natengeneza chanjo, tena na majani. Watu walinisalimia kwa heshima mpya na kunichokoza hapohapo. Mmoja aliniuliza kama ya surua ya watoto nayo itakuja kwa sombe, kisamvu cha kila siku. Mwingine akataka kujua kama mwenye shamba la mboga za lengalenga atatajirika. Nilicheka nao. Mama alisimama pembeni na kitenge chake cha sikukuu, akitikisa kichwa kama mtu aliyeyajua haya yote tangu nikiwa tumboni.

Kisha tukaanza kungoja ruhusa ya kujaribu kwa kuku. Hii ilitaka kamati, na kamati ilitaka watu wa kutosha mezani. Mara hii mmoja yuko Kinshasa, mara ijayo mwingine ana msiba, mara ya tatu wote wapo ila chumba cha mkutano kimetolewa kwa harusi ya mtoto wa mkubwa. Sitanii. Nilisimama mlangoni na makaratasi yangu nikiwaangalia vijana wanatundika maputo. Mabanda ya kutengea kuku nayo yalikuwa yamechorwa, yamesifiwa, hayajajengwa. Na friji yetu ya maabara ilikuwa na kijichupa kimoja cha kile tulichokwisha kusafisha, cheupe kidogo kama maji ya mchele. Nilikuwa nikifungua mlango kukiangalia, kisha naufunga haraka kwa kuogopa joto.

Joto lilikuwa limeanza. Mama akapiga simu.

"Kile kintu kimefika avenue ya chini," alisema. "Ya kwako iko tayari?"

"Bado, Mama."

"Bado."

"Kamati haijakaa."

"Aya. Bado."

Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Nilidhani ananiuliza kama anavyoniuliza kila mara, kama nimekula.

Nikiri kwamba mawazo ya kukitia kile kijichupa ndani ya mkoba na kwenda nacho Katuba yalinijia, si mara moja. Lakini sikujua kiasi cha kuku mmoja. Sikujua kama kingemkinga au kingemvimbisha shingo. Kuku wakifa ningekuwa nimewaua mimi, na wakipona isingethibitisha kitu, na vyovyote kazi nzima ingefungwa siku watu wakisikia. Chanjo ambayo haijajaribiwa ni maji yenye matumaini. Haya niliyajua vizuri, na kuyajua hakukunipunguzia uchungu hata kidogo. Nilirudisha mkoba mahali pake nikaenda kumwagilia mimea iliyoanza tena kutoa maua.

Nilipokwenda Katuba baadaye, nilijua nikiwa bado langoni. Ua wa mama una sauti yake, na siku hiyo haukuwa nayo. Chini ya ukuta kulikuwa na gunia limefungwa mdomo. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani. Alibaki kuku mmoja, jike jekundu ambaye siku zote alikuwa mchokozi wa wenzake. Amesimama kivulini, amefumba macho.

"Zimekwisha," alisema mama. "Ile tu njo inabakia."

Nilikuwa bado naliangalia gunia, kuku wa jirani walipopita mbele ya lango letu, kundi zima, wanene, wanagombania kumbikumbi. Nikawatazama. Nikatoka nje nikamwuliza jirani imekuwaje kwake hakukufa hata mmoja.

Aliacha kupanga makala yake. "Docteur, usikasirike," alisema. "Ule mama wa mifugo alipita hapa na thermos yake. Tukakusanya kuku za avenue muzima, chupa ikaisha vizuri. Tulimuita mama yako. Akakatala."

"Alikataa?"

"Akasema za kwake zinangoyea chanjo ya mutoto yake. Tulimubembeleza sana. Apana. Akafunga lango."

Nilirudi uani nikiwa nimewaka. Sikuona aibu kupaza sauti, na jirani bila shaka alisikia kila neno.

"Mama, juu ya nini?"

"Juu ya nini, nini?"

"Chanjo ilikuja mpaka mlangoni kwako, ukaikataa!"

"Sikukatala chanjo. Nilikatala ya bengine."

"Ya wengine inafanya kazi, Mama! Ya wengine inakinga! Ya kwangu haipo! Nilikuambia bado, mara zote nilikuambia bado!"

"Unasema bado, mi naelewa inakuya," alisema. Kisha akainua uso. "Nilisema ku kanisa, mbele ya bantu yote, kama mutoto yangu iko natengeneza chanjo. Sasa niende kupanga laini na kuku mu mukono, niombe ya muntu mwingine? Batasema nini? Batasema hata mama yake hamuamini."

Nilikuwa nimejiandaa kubishana na umeme, na maji, na mwenye muhuri, na kamati, na vijana wa maputo. Hao wote walikuwa wamenichelewesha bila kujua hata jina la mmea wangu. Huyu mmoja alikuwa ameniamini, na kuku walikuwa ndani ya gunia. Nilitaka kumkasirikia zaidi na nikashindwa. Nilikaa chini kwenye ngazi ya mlango.

Yule jike jekundu akapiga miayo, shingo ikaanza kuelekea upande. Mama akaona nami nikaona. Watu wa kwetu hawamwachi kuku afe na hicho kitu mbele ya macho yao. Anachinjwa akiwa bado anasimama. Nilimshika mabawa na miguu, mama akapitisha kisu. Alikuwa mwepesi kuliko anavyoonekana. Tulimnyonyoa pamoja juu ya beseni, mama akawasha makala, akasonga bukari, na mchana ule tukakaa kula sisi wawili kwenye meza iliyowahi kuwa na watu wengi.

Aliponipa sahani, firigisi ilikuwa juu.

"Mama, sijatetea," nilisema.

"Najua."

"Ulisema siku ya kutetea."

"Siku ile itafika, mimi nitakuwa na kuku gani? Hii njo ya mwisho. Kula."

Niliisukuma pembeni kwa kidole. Nikamwambia mwaka ujao tutanunua vifaranga, na yule mama wa mifugo akipita na thermos yake kuku wetu watakuwa wa kwanza. Akasema apana. Nikasema Mama, tafadhali, usinirudishie yale. Alimega tonge, akalizungusha muda mrefu kwenye mchuzi.

"Basi unakuya weye," alisema. "Unazishika na mukono yako, unazitia weye. Bantu baone ni weye. Hata kama chupa iko ya mwingine."

"Nitakuja."

"Aya. Sasa kula, inapoa."

Niliichukua nikaitia mdomoni yote. Nilikuwa nimeipigia hesabu tangu utoto, nikidhani lazima ina utamu fulani ambao wanaume wanatuficha. Ilikuwa ngumu, ya mviringo, inarudisha meno. Nilitafuna nikifikiria mstari ule mwembamba kwenye kipande cheupe, na kijichupa katika friji upande wa Naviundu, na kama kule umeme ulikuwepo saa hiyo au haukuwepo. Nikameza.

Mama alikuwa ameacha kula ananiangalia. Akasogeza kiti chake karibu, akapunguza sauti kana kwamba baba angeweza kusikia.

"Iko namna gani?" aliuliza. "Mi sijaonjaka hata siku moja."

Na mimi nilikuwa nimeshaimaliza.